Yaliyoonekana Kutoka Barabarani

Hilaria Sulle alikuwa karani wa mizani katika shamba mojawapo la ngano la serikali, kwenye uwanda wa Hanang. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kutazama malori yakipanda juu ya mizani yamejaa na kurudi matupu, kuandika kilo, kutia sahihi na kupunga mkono. Kati ya lori na lori, alisoma.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu. Aliachiwa na mke wa fundi wa Kikanada aliyemaliza mkataba wake, pamoja na sufuria mbili na pazia la maua. Kilikuwa kitabu cha sosholojia, kwa Kiingereza, kinene kama tofali, na mifano yake yote ilitoka mbali: watu waliopanga foleni ya basi kwenye theluji, majirani wa ghorofa moja wasiojuana majina, mtu aliyefukuzwa kwenye klabu kwa kuvaa viatu visivyotakiwa. Hilaria alizaliwa Bashay, kijiji cha Wairaqw, ambako ukisahau kutia chumvi kwenye maharage jirani anajua kabla hujaonja. Alizisoma habari za majirani wasiojuana kama mtu anayesoma habari za mwezini.

Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa watu wazima wa kuingia Chuo Kikuu. Alikwisha kuufanya mara moja, miaka miwili nyuma, akashindwa. Alikuwa amekariri maana za maneno hata akaweza kuzitamka usingizini, lakini palipotakiwa mfano aliandika habari za theluji, naye theluji hajapata kuiona. Meneja alipomsainia fomu kwa mara ya pili alisema bila ubaya, "Hii ni ya mwisho, Hilaria. Mwaka kesho nafasi nampa mwingine." Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Watu wa shambani walizoea kumwona na kitabu. Mzee Nicodemo, mkuu wa ghala, alipita kila mchana kumtania.

"Mwalimu mkuu wa mizani, leo tumefika wapi?"

"Shikamoo mzee. Tumefika udhibiti wa jamii."

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo?"

"Ni namna watu wanavyozuiwa kufanya mabaya. Sheria, polisi, mahakama."

"Basi huku kwetu haipo," alisema Nicodemo. "Polisi wako Katesh, na gari lao halina tairi."

Mwingine aliyekiulizia kitabu alikuwa Bibi Udagwenga, mama wa Kibarbaigi aliyeleta maziwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Alivaa sketi yake ya ngozi, bangili za shaba zimemjaa mikononi, na kila asubuhi alipumzika kidogo kwenye kivuli cha kibanda cha mizani. Pale pale, aliwahi kumwambia Hilaria, ng'ombe wa baba mkwe wake walikuwa wakipita kwenda kunywa maji, kabla ya ngano. Alilisema hilo mara moja tu na hakulirudia.

"Bado unasoma kile kile?" aliuliza.

"Kile kile, bibi."

"Hakiishi?"

"Kinaisha, halafu naanza upya."

"Kama kuchunga," alisema bibi, akachukua kibuyu chake akaenda.

Mwezi wa nane, mavuno yakiwa yamepamba moto, kombaini ya Hermani, mashine ya kuvunia ngano, ilichemsha maji ukingoni mwa shamba, karibu na boma la Wabarbaigi. Hermani alikuwa Mwiraqw wa Dongobesh, dereva hodari kuliko wote, na mtu wa sauti. Alishika dumu akaenda bomani kuomba maji. Mlangoni pa nyumba moja palikuwa pamelazwa tawi bichi. Ndani alikuwamo mama aliyejifungua siku nne zilizopita. Hermani aliliruka lile tawi, akaingia, akajichotea maji. Yule mama alipopiga kelele alimwambia anyamaze, hii ni ardhi ya serikali na maji yake pia.

Mchana huo alisimulia kisa chote katika bwalo la chakula, kama kichekesho. Hilaria aliacha kutafuna.

"Hermani, tawi hukuliona?"

"Niliona."

"Kwenu Dongobesh, mama akijifungua, wewe unaingia tu?"

"Kwetu ni kwetu. Hapa ni shambani."

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa Wairaqw, na kwao pia nyumba ya mzazi hufungwa, mgeni haingii, jirani huita kwa mbali. Kosa hilo mgeni wa pwani angesamehewa. Hermani alijua alichokiruka. Alidhani tu kwamba mila imeng'olewa pamoja na visiki, siku shamba lilipofyekwa.

Siku ya tatu wanawake walikuja.

Hilaria aliwaona tangu alfajiri. Walikuja kwa mistari kutoka pande zote za uwanda, watano, kumi, ishirini, wengine kutoka mbali kama Hirbadaw, kila mmoja na fimbo mkononi. Hawakuigusa mashine hata moja. Walipita katikati ya kombaini zilizosimama kama mtu apitavyo kati ya vichuguu, wakakaa kwenye shamba lililoachwa bila kupandwa mwaka ule, chini ya Mlima Hanang. Wanaume wa Kibarbaigi waliokuwa njiani na ng'ombe waligeuza mifugo yao wakazunguka mbali. Jua lilipopanda, Hilaria alijaribu kuwahesabu akaacha. Walikuwa mamia, na hakusikia kelele.

Bibi Udagwenga alikuja mpaka mizani.

"Njoo kikaoni," alisema. "Wewe ni mwanamke, na ni wewe uliyeuliza habari ya tawi."

Hilaria hakumwuliza alijuaje. Alisimama, kitabu mkononi.

"Hicho kiache. Na kalamu. Kinachosemwa pale hakitoki pale. Unaweza?"

"Naweza, bibi."

"Usijibu haraka."

Hilaria alitazama mlima, akatazama zile fimbo. "Naweza," alisema tena.

Yaliyosemwa kwenye kikao kile hayamo katika habari hii, kwa sababu Hilaria hajamwambia mtu hadi leo. Alirudi saa tisa alasiri. Malori matatu yalikuwa yanamsubiri, na madereva walioanza kumsema walinyamaza walipouona uso wake. Alishika kalamu, akairudisha mezani. Nicodemo alikuja akachukua daftari mwenyewe.

"Vipi?"

"Niache kidogo, mzee."

Alikaa juu ya gunia, mikono mapajani. Alikuwa amewahi kuingia kanisa la Mbulu siku ya Pasaka, watu wamejaa mpaka nje, na akadhani hakuna mkutano wa watu unaoweza kumtetemesha kuliko ule. Sasa, alipotazama lile shamba ambako majani yalikuwa bado yamelala walipokaa, Pasaka ile ilikuwa ndogo. Watu wale hawakuwa na karatasi, mhuri, wala bendera.

Jioni hiyo mama wawili walifika bwaloni wakasimama mbele ya Hermani. Walitaja faini yake tu: fahali mweusi, asiye na doa. Kisha wakaondoka.

Hermani alicheka. "Nani atanilazimisha?"

Hakuna aliyemgusa, kesho yake wala keshokutwa. Hapakuja polisi, hapakuja barua. Ila maziwa yalikoma kuingia katika nyumba yoyote iliyokula naye. Siku ya nne baada ya kikao wenzake waliokuwa wakikaa naye meza moja walibeba sahani zao wakakaa nje, bila ugomvi, wakizungumza habari za mvua. Siku ya saba ulifika ujumbe kutoka Dongobesh, uliotumwa na mama yake mzazi, mama wa Kiiraqw ambaye hakuwa na udugu wowote na wanawake wale. Alimwambia kwamba asije nyumbani kabla hajalimaliza jambo hilo, kwa sababu na yeye alizaa, na mlango wake uliwahi kufungwa kwa ajili ya huyo huyo Hermani.

Siku ya tisa Hermani hakuja kazini. Siku ya kumi walimwona anatoka upande wa mnadani, kwa miguu, peke yake, akimvuta fahali kwa kamba. Fahali alikuwa mweusi kama chungu. Njia ilipita mizani, na fahali, kwa kuogopa lori lililosimama pembeni, akapanda juu ya bamba la chuma pamoja na Hermani. Mshale wa mizani uliruka, ukatetemeka, ukatulia. Hilaria aliusoma uzito wao wawili, mtu na mnyama. Hakuuandika. Yule aliyekuwa akiendesha mashine pana kama nyumba alisimama pale ameinamisha kichwa, mpaka fahali akakubali kushuka, wakaendelea na njia ya boma. Mzee Nicodemo alivua kofia, na Hilaria hakujua anamvulia nani.

Kesho yake maziwa yalirudi.

Mtihani ulifanyika Arusha mwezi wa kwanza. Hilaria aliifungua karatasi, akasoma swali la tatu, akaiweka chini, akalisoma tena. Liliuliza jinsi jamii isiyo na polisi wala mahakama inavyodumisha utaratibu wake, na likataka mfano. Wenzake ukumbini walikuwa wanakuna vichwa, naye mfano alikuwa nao mzima: nani alianza kusema, nani alimpinga, walipimaje kosa, kwa nini mweusi na si mwekundu. Hakuna kitabu kilichokuwa na habari hiyo. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, na jibu lilikuwa limekaa ulimini.

Alikaa robo saa bila kuandika. Msimamizi alipita mara mbili akimtazama. Hatimaye aliandika yale ambayo yeyote aliyepita barabarani angeweza kuyaona: tawi mlangoni, mistari ya wanawake, ng'ombe waliogeuzwa, sahani zilizohamia nje, ujumbe wa mama, fahali juu ya mizani. Katikati aliandika mstari mmoja: nilikuwepo kwenye kikao, lakini yaliyosemwa si yangu kuyaandika. Jibu lilijaza ukurasa mmoja na nusu. Kurasa tatu zilibaki nyeupe.

Mwezi wa nne aliitwa Arusha tena, kwenye usaili. Wahadhiri watatu walikaa nyuma ya meza, na wa katikati, mwanamume wa miwani aliyeongea taratibu, alikuwa na karatasi yake.

"Umeandika kwamba ulikuwepo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Wapo watafiti wangetoa mwaka mzima wa maisha yao wakae pale ulipokaa. Walisema nini?"

Hilaria alitikisa kichwa.

"Unafahamu kwamba jibu lako hapa linaweza kukusaidia?"

"Nafahamu."

"Basi tusaidie. Hapa hakuna mtu wa kule. Nani atakuuliza?"

Mlima haukuwepo, wala fimbo, wala Bibi Udagwenga. Kulikuwa na meza, dirisha na kelele za magari ya mjini. Lakini wale wanawake walikuwa wamefika Arusha. Walikuwa wamekaa humo chumbani, kimya, mamia yao, na kitabu chake kinene hakikuwa kimemwambia kwamba jambo kama hilo linawezekana.

"Mwalimu," alisema, "na Hermani, yule wa fahali, aliuliza hivyo hivyo: nani?"

Yule mhadhiri aliinama akaandika kitu kifupi. "Asante," alisema. "Unaweza kwenda."

Barua ilifika mavuno mengine yakiwa yameanza. Nicodemo aliileta mwenyewe kutoka ofisini, akakataa kuondoka mpaka ifunguliwe. Hilaria alisoma, akaikunja.

"Wamenichukua, mzee."

"Basi nani atasoma mizani?" alisema Nicodemo, akageuka upande akajifuta macho kwa kofia.

Asubuhi iliyofuata Bibi Udagwenga alikaa kivulini kama kawaida. Hilaria alimweleza.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema habari za fahali."

Bibi aliliwaza hilo. "Fahali kila mtu alimwona," alisema. Alinywa funda la maziwa, akamtemea Hilaria kidogo kifuani, akampangusa kwa kiganja, kama mtu anavyombariki binti yake anayeolewa mbali. Kisha akauliza, "Huko unakokwenda, wanawake wapo?"

"Wapo wengi."

"Wanakaa pamoja?"

Hilaria aliwakumbuka majirani wa ghorofa moja wasiojuana majina. Lori lilikuwa linapanda mizani, limejaa.

"Sijui, bibi. Nitaangalia."

"Angalia kwanza," alisema Bibi Udagwenga, akafunika kibuyu chake.