Fungu la Koko kwenye Landrova

Iko siku moja, mwanangu Lomayani, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu wananiuliza, bibi unacheka nini. Siwaambii. Leo nakuambia wewe, na uisikilize mpaka mwisho, maana inakuhusu kuliko unavyodhani. Weka hiyo simu chini kwanza.

Ni siku ambayo Koko, bibi yangu mzaa baba, alikataa kupanda gari.

Wewe hukumkuta Koko. Alikaa juu ya Ngaramtoni, kule ambako barabara inageuka mawe matupu, na Mlima Meru umesimama nyuma ya zizi lake. Maisha yake yote alishuka sokoni kila siku ya soko na maziwa na maharage yake, na huko ndiko walikokuwa watu wake. Kisha akaanguka zizini, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Akawa mtu wa kujikongoja na fimbo kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba, basi. Sokoni hakuonekana tena, na watu wa sokoni unawajua. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye walikuwa wakitaniana tangu usichana, akaanza kumwita marehemu. Habari zikapanda mlimani zikamfikia mwenyewe. Nasikia alikasirika kuliko siku ile aliyovunjika. Akamtuma mtu kwa baba yangu mjini na maneno machache tu, kwamba anataka kufika sokoni akiwa hai, amsalimie yule mama mbele za watu.

Baba alikuwa mwalimu, na mwalimu wa wakati ule gari alilijua kwa kulipungia mkono barabarani. Lakini mama yake alikuwa amesema. Akatafuta, akaulizia, akaipata landrova moja kuukuu iliyokuwa ya kubeba watalii, imelala nyuma ya gereji mpaka kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ilivutwa kwa kamba hadi Levolosi, mtaa wa mjini tulikokuwa tunakaa, ikaegeshwa mbele ya nyumba na kuziba nusu ya njia. Majirani walitoka kuangalia. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama kuku nao wamo kwenye bei.

Sasa hapa ndipo ninapotaka utege sikio. Kwetu, mwenyewe unajua, mnyama akichinjwa kila nyama ina mwenyewe. Iko ya wazee, iko ya akina mama, iko ya vijana waliochuna, na ukigusa isiyo yako utaambiwa. Baba akatukusanya jioni ile akasema gari hili tutaligawana vivyo hivyo, ili asiwepo wa kukaa kivulini. Akajikatia injini, yeye na rafiki yake mmoja fundi aliyekuwa akija Jumamosi. Kaka yangu Saruni akapewa magurudumu na breki. Mama akapewa viti. Mimi nilikuwa msichana nimemaliza shule juzi tu, najiona mrembo, nikapewa kutu. Kutu yote, mwanangu, ya mbele na ya nyuma.

Nililia kidogo, nisikudanganye. Halafu nikashika msasa. Nilikwangua asubuhi, nikakwangua jioni, mpaka Jumapili nikaenda kanisani na vidole vya rangi ya udongo na wenzangu wa kwaya wakaniuliza nimechimba nini. Lakini unajua utamu wa bati likianza kung'aa chini ya mkono wako? Siku Saruni aliponisaidia kukwangua boneti bila kuniomba ruhusa, nilimfukuza na ndoo ya maji. Ilikuwa nyama yangu ile. Naye nilipojaribu kukaza nati moja tu ya gurudumu alinipokonya spana mkononi. Mama alishona viti kwa turubai, akaweka na vitambaa vya kufuma juu kama vya kwenye makochi, na baba aliposema gari la porini haliwekwi vitambaa, alijibiwa arudi kwenye injini yake. Nyumba ile haikuwahi kuwa na raha kama miezi ile. Tulikula tukinuka grisi, tukabishana, tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa Levolosi nzima. Nguo za jirani zilizokuwa kwenye kamba zikawa nyeusi, na mama alizifua zote upya huku akiimba, hana habari. Baba alikuwa anacheza katikati ya njia. Mwalimu mzima, mwenye suti moja ya mahafali, anacheza na spana mkononi. Jioni tulilijaribu mpaka Lemara, likazimika huko, tukalisukuma nusu ya safari ya kurudi, na hakuna aliyenuna.

Basi siku ya soko ikafika. Tulipanda asubuhi na gari letu, kijani kibichi, rangi niliyoipaka kwa mkono wangu. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Kwenye yale mawe baba aliingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, gari likaguna, likapanda, nasi nyuma tunapiga makofi. Tukamkuta Koko amekaa nje kwenye kigoda chake cha kukamulia, amevaa shuka zake nzuri na shanga zote alizokuwa nazo. Alijiandaa tangu alfajiri. Tukainamisha vichwa kumsalimia, akatugusa utosini mmoja mmoja.

Alisimama akalizunguka gari na fimbo yake, taratibu, akauliza nani kafanya nini. Kila mtu akajitapa. Baba akafungua boneti akaeleza injini. Saruni akapiga teke gurudumu. Mama akaonyesha vitambaa. Mimi nikamshika mkono nikaupitisha kwenye mlango wa nyuma, asikie ulivyo laini. Akaguna kwa kuridhika. Kisha akarudi kwenye kigoda chake, akakaa, akapanga shuka zake magotini, akasema haendi.

Tulidhani anatania. Baba akacheka, akamwambia mama yake, twende, soko litajaa.

"Mmechinja, mmegawana," Koko akasema. "Fungu langu liko wapi?"

Baba akamjibu kwa upole kabisa kwamba lote ni lake, kazi yote ile ilikuwa kwa ajili yake, yeye ni kupanda tu na kukaa. Na hakusema uongo. Tulikuwa tumemfikiria yeye tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililotuuma.

"Gunia la maharage ndilo linalopandishwa na kukaa," akasema. "Mimi siyo gunia, Lazaro."

Alimwita kwa jina lake la ubatizo. Hapo baba alijua kumekucha. Unajua kwetu mnyama akichinjwa, fungu la mama mzazi hutengwa kwanza, kabla hata hamjawasha moto. Mwanamume anaweza kusahau fungu lake mwenyewe, la mama yake hasahau. Na baba yangu, mtu aliyelelewa kwenye zizi lile lile, alikuwa ameligawa gari zima mpaka kutu, na mama yake hakumtengea hata msumari.

Akafanya kosa la pili. Akainama amnyanyue, ampakie kwa mikono yake. Koko aliinua fimbo, naye akarudi nyuma na utu uzima wake wote. Tukabaki tumesimama. Nilikuwa naona siku inatuponyoka. Yule mama wa nyanya yuko chini anaendelea kusema marehemu, na sisi tuna gari linalong'aa, na Koko amekaa na shanga zake haendi popote. Nilitamani kulia kuliko siku ile ya kupewa kutu.

Mama yangu ndiye aliyemfuata. Hakumbembeleza. Alichuchumaa mbele yake akamwuliza, "Mama, sisi tumesahau nini kwenye gari hili?"

Koko akanyoosha fimbo kwenye mlango. "Mguu wangu haufiki pale," akasema.

Tukageuka wote tukatazama. Mwanangu, sitaisahau aibu ile, na sasa hivi nacheka. Tulikuwa tumekarabati injini, breki, viti, bati, rangi, tumeweka na vitambaa vya kufuma, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza bibi mwenye nyonga mbovu atapandaje kwenye gari lililo juu vile. Sisi tulikuwa tunaruka tu kama mbuzi. Ungekuwa umemwuliza yeye, angekuambia siku ya kwanza. Hatukumwuliza, kwa kuwa tulitaka kumfurahisha.

Baba alivua kofia yake, akamwomba msamaha pale pale mbele ya watoto wake. Koko alinyanyuka, akakishika kile kigoda cha miguu mitatu, cha mti wa mringaringa, alichokuwa amekikalia miaka yote akikamua. Akamtuma Saruni akalete ukanda wa ngozi uliokuwa umetundikwa zizini. Akaufunga mwenyewe kwenye kigoda, kwa vidole vyake vilivyopinda, polepole, na tulipotaka kusaidia alitutazama tu. Akaacha kitanzi cha kukitundika mlangoni, ili kiende na gari popote liendako. Kisha akakiweka chini ya mlango, akakitikisa kuona kama kimetulia.

"Hili ndilo langu," akasema. "Asiliguse mtu."

Akapanda. Mkono mmoja mlangoni, mwingine kwenye fimbo, mguu mzima kwanza, ule mbovu ukifuata. Hakuna aliyemsukuma. Alipokaa kwenye kiti cha mbele alikipapasa kitambaa cha mama akasema hiki kizuri, kisha akamwambia baba, mbona hatuondoki.

Ile safari sasa! Aliongea njia nzima. Alimwonyesha baba jiwe gani la kukwepa na wapi maji yamelegeza udongo, maana barabara ile miguu yake iliijua kuliko macho ya baba. Akatuimbisha nyimbo za kanisani na nyingine ambazo siyo za kanisani. Tulipofika Ngaramtoni aliagiza gari lipite katikati, polepole, mpaka kwenye nyanya. Kigoda kikashushwa na yeye mwenyewe kwa ukanda wake. Akashuka kwa madaha, hana haraka kabisa, ili kila mtu amwone. Yule mama wa nyanya alishika mdomo. Koko akamsalimia, akamwambia marehemu amekuja kuchukua nyanya zake. Soko zima lilicheka, wale wawili wakakumbatiana wakalia, na mimi nikalia, na baba akajifanya anakagua tairi. Akakaa kwenye kigoda chake pale pale katikati ya watu mpaka jua likapoa, hauzi kitu, anasalimiwa tu. Na kila siku ya soko ambayo baba aliweza kupanda mlimani, alishuka naye hivyo, mpaka Mungu alipomwita kweli.

Sasa nakuja kwako, Lomayani.

Hilo gari mlilolifunika turubai hapo uani mnadhani silioni? Nasikia nyundo. Nasikia mnacheka. Mjukuu amenitobolea siri kwamba likipona mnataka kunipeleka Momela nikawaone wale ndege wekundu wa ziwani, mimi niliyezaliwa chini ya mlima huu na sijawahi kuwaona. Nilifurahi nikakosa usingizi. Lakini kila nikifungua mlango wa jikoni mnaniambia, mama wewe kaa, mama pumzika, mama usichafuke. Wewe umechukua injini, mkeo viti, watoto wanaosha. Nimekaa hapa na chai yangu kama mgeni kwenye msiba. Inaniuma, mwanangu, nisikufiche.

Nasaha yangu ni hii, na uwape na wanao. Ukimtengenezea mtu furaha, usimwache nje ya utengenezaji. Mzee hahitaji kupakiwa tu. Mwulize mguu wake unafika wapi. Mpe kazi, hata iwe ndogo, hata aifanye polepole kuliko wewe, hata akosee ulazimike kukaa naye kuanza upya. Kumpumzisha mtu asiyeomba kupumzika ni kumtoa kwenye hesabu ya walio hai, na Koko alishalikataa hilo mbele yetu sote. Na furaha ya gari, nakuapia, nusu yake iko kabla halijawaka. Msininyime nusu hiyo halafu mniletee ndege wa ziwani.

Mungu awape mikono isiyochoka na nyumba yenye kelele. Barabara zenu ziwe na matope ya kuwachekesha tu, yasiwe ya kuwaliza. Kila mkipanda muwe wengi, na mkishuka asipungue mtu. Na wewe, kwa kutaka kunipeleka, ubarikiwe kuliko baba yangu alivyobarikiwa, naye alibarikiwa sana.

Kigoda cha Koko kiko chini ya kitanda changu, na ukanda wake ni mzima. Kesho asubuhi natoka nacho uani, nimevaa kitenge kibovu, na msasa wangu mkononi. Nimeshaona kutu kwenye mlango wa nyuma. Ule ni wangu, asiuguse mtu.