Pumzi za Msusi

Chun-ok alikuwa msusi kwa miaka kumi na tisa kabla ya kurudi kisiwani Jeju kuzamia jongoo bahari na pweza kwa pumzi tu, bila mtungi wa hewa, pamoja na wanawake wa kijiji cha mama yake. Kwa miaka yake arobaini na mbili, yeye ndiye aliyekuwa kinda wa kundi. Wiki ya kwanza alivuta hewa hadi mashavu yakavimba, akazama, na baada ya sekunde ishirini akaibuka akikohoa.

"Pumzi zako uliziacha saluni, kwenye umbea," Bibi Mal-sun, mzamiaji mkongwe wa kundi mwenye miaka sabini na nane na meno manne, alimwambia. "Acha kujijaza kama puto. Legeza mabega. Kojoa ukitaka, sote tunakojoa humo kwenye suti za kuzamia. Kifua kikiruka mara ya kwanza kwa kudai hewa, kipuuze. Kikiruka tena, panda juu."

Chun-ok alicheka, akakojoa, akapata joto, akazama polepole. Kifua kiliporuka hakushtuka. Ndipo akamwona pweza mnene amejibana mwambani. Alinyoosha mkono, akagusa mnyiri wake mmoja, na kifua kikaruka tena. Alimtamani yule pweza kuliko alivyowahi kumtamani mume wake, lakini akamwacha, akapanda juu.

"Nimemwacha, Bibi! Mkubwa hivi!"

"Umefanya vizuri. Wenye tamaa tumewazika," alisema bibi kwa upole. "Yuko wapi?"

Chun-ok akamwonyesha. Bibi akazama, akaibuka na pweza amemkumbatia shingo.

"Asante, mwanangu," alisema, akamtia pweza kwenye wavu wake.

Chun-ok alicheka mpaka akameza maji.