Meza Moja ya Ulanga

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae, nitazame, nisiguse kisu. Karakana yetu ilikuwa karibu na Mtaa wa Msimbazi, nyuma ya maduka ya jumla ya Kariakoo. Tulikuwa wanawake tu, tukipasua ulanga ulioletwa kutoka milima ya Uluguru.

Ulanga, wanangu, ni madini yaliyojipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa, ndiyo maana bonge lake tuliliita kitabu. Hauungui upesi wala haupitishi umeme, kwa hiyo vipande vyake vilitiwa ndani ya pasi na redio. Tuliingiza ncha ya kisu pembeni, tukafungua kurasa taratibu, kisha tukaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Safi zilikwenda sanduku moja, zenye madoa jingine, maana doa la chuma huuharibia ulanga kazi yake.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura wa Ilala. Aligonga kitabu kwa ukucha, akasikiliza, ndipo akatia kisu. Nilipogonga mimi sikusikia kitu, akacheka, akasema masikio yangu bado yako sokoni.

Baadaye madoa yakaanza kuonekana katika sanduku lake la kurasa safi. Nilikuwa nikiyatoa kimya kimya, mpaka nilipougua homa. Niliporudi, nilimkuta Msimamizi, mzee wa Kihindi asiye na maneno mengi, amesimama mbele ya meza ya Bi Zuhura na kurasa zenye madoa mkononi.

Bi Zuhura hakujitetea. Alisema macho yameingia ukungu, na wajukuu nyumbani wanamtegemea. Msimamizi akasema, kwa upole, kwamba kazi hii ni ya macho.

Nikajikuta nasema, "Yeye apasue, mzee, mimi nitazame. Meza moja."

"Na doa likipita?"

"Utuondoe wote wawili."

"Ana kiherehere huyu," Bi Zuhura akamwambia, "lakini nimemfundisha mwenyewe."

Msimamizi aliziweka zile kurasa mezani, akaondoka. Kesho yake tulikuta meza zetu zimeunganishwa.

Tangu hapo kila alipofungua ukurasa alinipa na kusema, "Niambie." Nikijibu "safi" au "doa" hakuridhika. Rangi gani? Limekaa vipi? Nikalazimika kutazama kweli. Nikamweleza wekundu uliotambaa kama mizizi ya mchicha, naye akanieleza kwamba hiyo ni kutu, maji yalipita hapo zamani. Nikamweleza vitone ving'aavyo kama magamba ya dagaa, akasema ni hewa iliyonaswa kati ya kurasa.

Madoa mawili yalipita. Msimamizi aliyarudisha mezani kwetu, akaenda zake. Bi Zuhura aliacha kazi alipotaka mwenyewe, kwa uzee.

Nami nimestaafu sasa. Vijana wakiniuliza waanzie wapi kujifunza madini, huwaambia waokote jiwe lolote, wakae na mtu asiyeliona, wamweleze mpaka aridhike.