Mgongo wa Procolo

Aniello Costagliola alikuwa ameichora ghuba yetu ya Pozzuoli kwa miaka thelathini na mmoja, na alikuwa ameichoka. Wala hakuficha. Kila asubuhi alipoweka turubai lake karibu na gati, nami nikipanga mikate mbele ya duka langu, nilimsikia akiguna kama punda anayetwishwa mzigo.

"Leo tunachora nini, Fundi?" nilimuuliza siku moja.

"Maji, mlima, wavuvi. Unadhani hawa Waingereza wanaoninunulia picha wana jingine? Yule wa juzi kaniambia niongeze moshi. Volkano yenyewe haijatoa moshi tangu Pasaka, lakini yeye lazima arudi kwao na moshi wake."

Magoti yalimuuma, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Wavuvi wa kwenye picha zake aliwamaliza bila hata kuwatazama wenyewe: mstari wa suruali, nukta mbili za mikono, kofia nyekundu juu, basi.

Mwezi wa Septemba, Candida akamfuata palepale gatini. Alikuwa mjane wa Procolo, mvuvi wa juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, ambaye homa ilimchukua kwa siku nne tu mwanzoni mwa Agosti.

"Fundi, umemchora mume wangu miaka yote hii. Nichoree uso wake. Umeanza kunitoka. Nikifumba macho naona uso wa kaka yake."

Baadaye Aniello aliniambia ukweli. Alikuwa amemchora Procolo labda mara mia mbili, na hakukumbuka hata kama alikuwa na masharubu.

"Njoo Jumapili, mama," akasema.

Jumapili nilikwenda naye nyumbani kwa Aniello, kwa kuwa Candida aliona haya kwenda peke yake. Aliketi akamweleza: pua imepinda kidogo, nyusi zimekutana, kidevu kina kovu la ndoana. Aniello akachora.

"Huyu hakimu," Candida akasema.

Akachora mwingine.

"Na huyu ni padri wetu akiwa ameshiba." Tulicheka sote, kisha Candida akaanza kulia. Aniello akachora wa tatu. Candida aliigeuza karatasi ikatazama meza.

Aniello akaweka brashi chini. "Nisamehe. Sikuwahi kumtazama."

"Miaka yote hiyo?"

"Nilitazama maji."

"Alikuwa anakuletea samaki! Kila Ijumaa! Alikuwa ananitania, 'Candida, Aniello ananichora, nitafika Uingereza mimi, wewe ubaki hapa unapara magamba!'"

"Najua, mama. Najua."

Candida alisimama kwa hasira, shali lake likakumba rundo la karatasi kuukuu pembeni. Zilikuwa za ujana wa Aniello, alipokuwa bado anachora kila alichokiona. Tukainama kuziokota. Candida akashika moja, akabaki ameinama. Mwanamume anavuta juya, kifua wazi, ametugeuzia mgongo, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto.

"Huyu hapa."

"Una hakika? Hana uso," Aniello akasema.

"Mgongo huo nimeusugua mafuta ya zeituni miaka ishirini na miwili, halafu unaniuliza kama nina hakika?"

Aliondoka nayo kifuani, ndani ya shali. Hakusema asante, na Aniello hakuitarajia.

Jumatatu Aniello alirudi gatini akiwa hoi vilevile. Lakini nilimsikia akipaza sauti: "Wewe, Biagio! Geuka nikuone!"

"Una nini leo, Fundi? Unataka kunioa?" Biagio akajibu, na wavuvi wakaangua kicheko.

Sasa mtu mmoja kwenye picha, mdogo kama kidole, alimchukua siku tatu. Mteja wake mmoja alichoka kungoja, akaenda zake Roma. Wengine nao wakapungua. Nilimuuliza Aniello kama hajuti. Alichovya mkate wangu kwenye mvinyo, akatafuna polepole, kisha akaniomba nimbebee turubai hadi nyumbani, kwa sababu goti lilikuwa limekataa. Kwenye turubai hilo nilimtambua Biagio mara moja.