Maziwa Juu ya Lami

Kila wanapoziba mashimo ya barabara hapa Isiolo, harufu ya lami moto hunifanya nigeuze njia. Siku ile barabara ilipofunguliwa, mama alimpa mgeni rasmi kibuyu cha maziwa, kilichofukizwa moshi vizuri ili maziwa yanukie, jinsi mtu wa heshima anavyopewa kwetu. Mheshimiwa, midomo iking'aa mafuta ya mbuzi wetu, akaonja, akakunja uso.

"Haya yameungua," akasema, akayatema kwenye leso.

Mlinzi wake akamwaga yaliyobaki juu ya lami mpya. Nzi wakayavamia.

"Pigeni makofi!" chifu akatufokea.

Tukapiga. Mdogo wangu, aliyekuwa amelala njaa ili kibuyu kijae, ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.