Sanamu ya Mama Hansa

Ipo siku moja, mwanangu, nnaikumbuka kila nikikamua ndimu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, hapa hapa Maskati, nikikaa mtaa wa Matrah na bibi yangu. Ukuta kwa ukuta nasi alikaa Mama Hansa, Mhindi wa dini ya Kijaini, wale wasiokula hata kitunguu. Alikuwa anakwenda Bombay kutibiwa moyo, akamwekesha bibi sanamu yake kongwe ya shaba: mtakatifu wao kakaa kitako, miguu kaikunja, mikono kaipakata. Kairithi kwa mamake, na mamake kwa mama yake.

Bibi aliifunga kitambaa cheupe akaitia kabatini. "Dini yake si yetu," alisema, "lakini amana ni amana."

Mimi nikaifungua. Niliiona nyeusi, ina mabaka ya manjano usoni, nikasema nimfanyie hisani mgonjwa wa watu. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'ara kama sinia la harusi, nikamwita bibi aje anisifu.

Bibi aliichukua mikononi mwangu.

"Nani kakwambia imechafuka?"

"Si ina madoa, bibi."

"Ile ni liwa, sandali ya kusaga, ya ibada yao. Kaipaka bibi yake, kaipaka mamake, kaipaka yeye. Wewe umeifuta kwa asubuhi moja. Kuuliza si ujinga, we mtoto! Akirudi, utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe."

Mama Hansa alirudi kakonda. Nikampelekea sanamu kitambaani mwake, nikalia kabla sijasema neno, halafu nikamwambia nilichofanya. Akaifungua, akaupapasa ule uso, machozi yakamtoka. Kisha akanishika mkono.

"Kwetu, mwanangu, kila mwaka ipo siku tunaombana radhi, mlango kwa mlango. Wewe umeitangulia siku yenyewe. Nimekusamehe. Na mimi nisamehe, nilikuachieni mzigo bila ya kukuelezeni."

Mkosaji mimi, muomba radhi yeye! Na kila mwaka siku hiyo ikifika alibisha hodi kwetu, mpaka alipofariki. Nnamshukuru, na nnamshukuru bibi aliyekataa kunisemea.

Basi mwanangu, cha mtu usikitengeneze kabla hujamuuliza mwenyewe. Pengine unachokiona uchafu ni mapenzi ya watu. Na ukikosa usitume mjumbe, nenda kwa miguu yako. Muungwana ni kitendo. Mwenyezi Mungu akuruzuku majirani kama niliojaaliwa mimi, na majirani zako waseme hivyo hivyo juu yako. Amin.