Andazi la Kumegwa na Wawili

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, mke wangu Editha akakata shauri: "Noeli hii tunakwenda kwetu. Baba akununie, asikununie." Baba yake hakuwa amesema nami hata neno tangu binti yake aolewe na Mwislamu, tabibu wa kutoka Tanga.

Familia yao ilitoka Burundi zamani. Sasa ni Watanzania wanaolima kijijini Mabamba. Nyumbani kwao Noeli ina andazi lenye maharage ndani. Baba hulimega na kila mtu wa nyumba, mmoja mmoja: yeye anashika huku, wewe kule, mnavuta. Asiyemegewa ni mgeni tu. Basi mimi nililifuata andazi hilo.

Kasulu, tunakoishi, tuliondoka na basi la alfajiri, ukungu umejaa mabondeni. Editha anapiga soga na abiria. Mimi, wallahi, nawaza andazi tu.

"Akininyima je?"

"Utakula ugali," akacheka.

Kibondo tulilala kwa shangazi yake. Asubuhi ya Noeli tukapanda bodaboda. Mvua ilikuwa imeigeuza njia tope tupu. Tulishuka tukasukuma, na viatu vyangu vya ukweni vikaishia hapo.

Mabamba tulifika watu wametoka kanisani. Mama mkwe akanikumbatia na tope langu, akanisalimu kwa Kirundi chao. "Mwiriwe, mwanangu! Karibu, karibu!" Uani nguruwe alikuwa anakaangwa, harufu imetanda hadi sebuleni. Maandazi yalikuwa tayari kwenye ungo, yamefunikwa kitambaa.

Mzee alianza na mkewe, kisha wanawe, kisha Editha. Akachukua jingine. Akaninyooshea bila kunitazama.

Nami niliyelifuata kutoka Kasulu, mkono ukagoma! Niliwaza mafuta. Nikatupia jicho uani, mara moja tu, lakini nyumba nzima iliona. Editha akainamisha kichwa. Niliona aibu, jamani, kungekuwa na shimo ningeingia.

Mzee hakurudisha mkono.

"Karai jipya," akasema. "Nimelinunua mwenyewe Kibondo. Na mafuta ni ya alizeti. Lile la nguruwe halijasogezwa hata karibu." "Nilijua hutauliza."

Nikashika. Tukavuta. Maharage karibu yote yakabaki upande wake, yananukia mawese na kitunguu. Akayachota kwa kidole, akayajaza kwenye kipande changu.

"Kula, mkwe."

Nilikula huku machozi yananitoka. Shemeji zangu wakanitania kwamba pilipili imenishinda, na pilipili haikuwamo.

Tuliporudi Kasulu, Editha alisinzia njia nzima, mimi sikupata usingizi. Miaka mitatu nilijiona mimi ndiye niliyekataliwa, nikamlaumu mzee wa watu kila sikukuu. Kumbe naye alikuwa na hofu yake: kwamba siku atakayoninyooshea mkono, mimi nitaukataa. Na kidogo tu ningeukataa.